Siku Tano za Basi Kutoka Dar es Salaam: Bagamoyo, Tanga na Pangani kwa Kufuata Maji

Mkazi wa Dar es Salaam anayepanga kuzuru miji ya pwani kwa basi huanza kwa kuuliza nauli, kisha huuliza gesti, na swali la kujaa na kupwa kwa maji hulikumbuka akiwa tayari amesimama ufukweni, anatazama tope pale alipotarajia kuogelea. Mwongozo huu unashauri uanze na swali hilo la mwisho. Mabasi ya Tanga yapo kila siku, na ukikosa la asubuhi utapata la mchana. Lakini fungu la mchanga la Maziwe, lililo mbele ya Pangani, huonekana kwa saa chache tu, na ukilikosa siku uliyoitenga umelikosa safari nzima. Safari ninayoieleza ni ya siku tano, na utalala njiani mara nne: mara moja Bagamoyo, mara moja Tanga na mara mbili Pangani. Wapo watakaosema kwamba miji mitatu haistahili siku zote hizo. Nami nilikuwa na mawazo hayo katika safari yangu ya kwanza, nikaipitia yote kwa siku tatu, na kitu ninachokikumbuka vizuri zaidi ni mgongo wa siti iliyokuwa mbele yangu.

Kalenda ya mwezi kwanza, tiketi baadaye

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hasa siku moja au mbili baada yake, huja bamvua, yaani maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikifika mita tatu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na hapo mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo ya saa nne ndipo maji yanapokuwa yamejaa, ingawa hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji chombo kingine, kwa sababu bamvua huangukia siku za mwanzo wa mwezi mwandamo na tena katikati yake, kuanzia tarehe 15 hivi.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Siku ya nne ya safari ndiyo ya Maziwe, na inafaa ikukute siku moja baada ya mwezi mpevu au mwezi mchanga, ili mashua itoke saa mbili asubuhi na kukuta mchanga ukiwa wazi. Kwa hiyo ondoka Dar es Salaam siku mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu. Mimi hupendelea mpevu kuliko mchanga kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: usiku wa Pangani, mwezi unapong'aa juu ya mto, huna haja ya kutafuta burudani nyingine.

Kuhusu majira, epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu barabara za vumbi huwa tope na mashua ndogo hukaa ufukweni. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ina hewa nzuri ya kutembea mjini lakini bahari huchafuka, na nahodha mwenye busara anaweza kukukatalia kutoka, usimshawishi. Kipindi cha maleleji, kusi inapolegea kuelekea mwisho wa mwaka, ndicho kizuri zaidi, ukivumilia manyunyu ya vuli ya hapa na pale. Januari na Februari bahari ni tulivu vya kutosha, ila jua la saa saba mchana si la kuchezewa. Ukisafiri mwezi wa Ramadhani, fahamu kwamba migahawa mingi ya miji hii hufungwa mchana, na kwamba baada ya magharibi chakula cha mitaani huwa bora kuliko mwezi mwingine wowote.

Njia yenyewe

Ni vema msafiri aambiwe ukweli mapema: basi la Tanga halipiti kando ya bahari. Barabara kuu hutoka Dar es Salaam kwenda Chalinze, ikageuka kaskazini kupitia Lugoba, Msata, daraja la Wami, Mkata na Kabuku hadi Segera, ambako wanaokwenda Moshi na Arusha hushika kushoto na wa Tanga hushika kulia kupitia Muheza. Ni safari ya kama kilomita 350, na sehemu kubwa utakayoiona ni vichaka, vijiji na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na ambalo kwa miongo mingi ndilo lililoiweka Tanga mjini. Serikali inajenga barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja kubwa katika mto Pangani. Kabla ya kuitegemea kwa usafiri wa umma, uliza madereva wa Bagamoyo mabasi yanafika wapi kwa wakati huo.

Kwa ratiba hii, siku ya kwanza unakwenda Bagamoyo, kilomita zipatazo 70, kwa gari la kituo cha Makumbusho. Siku ya pili unakatiza kwa barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, na kuingia barabara kuu ya Segera bila kurudi Dar es Salaam. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitalieleza jambo hili taratibu. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, uliza katika ofisi za tiketi ni basi gani la Tanga linalopita njia ya Bagamoyo na kama linapakia abiria hapo, kisha ukate tiketi yenye namba ya siti. Huenda ukatozwa nauli ya safari nzima kana kwamba umepandia Dar es Salaam. Lipa, kwa sababu siti ya uhakika ina thamani kuliko tofauti hiyo. Usipolipata basi la namna hiyo, panda kosta hadi Msata na usubiri mabasi yanayotoka Chalinze, ukijua kwamba mengi huwa yamejaa na kwamba unaweza kusimama kando ya barabara kwa saa nzima. Fika Msata kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu mabasi mengi yaliyotoka Dar es Salaam alfajiri hupita mapema.

Tiketi, saa na siti

Safari za mikoani kwa kawaida huanzia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya kile cha Ubungo mwaka 2021. Kata tiketi katika dirisha la ofisi au kwa simu, upate tiketi mtandao yenye jina lako, namba ya basi, namba ya siti na nauli halisi uliyolipa. Nauli za juu kabisa kwa kila daraja hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na kiwango cha njia yako unaweza kukiulizia kabla ya kutoa fedha. Mpiga debe anayekushika begi kabla hujasema unakokwenda hana siti ya kukupa. Mwambie ahsante, shika begi lako, nenda dirishani.

Soma saa ya tiketi mara mbili. Shangazi yangu, mzaliwa wa Ilala, amehesabu saa kwa Kiswahili maisha yake yote, na mwaka mmoja alipewa tiketi ya Tanga iliyoandikwa 06:00. Alifika kituoni saa tano na nusu mchana, hana haraka, na kapu lake la vitumbua mkononi.

“Mama, basi lenu limetoka tangu alfajiri,” kijana wa ofisini alimwambia baada ya kumwamkia.

“Marahaba. Alfajiri ipi, mwanangu? Hapa pameandikwa sita.”

Kijana alimweleza kwa adabu kwamba sita hiyo ni ile ya saa za kuanzia usiku wa manane, yaani saa kumi na mbili asubuhi, naye shangazi alimjibu kwamba saa za usiku wa manane waachiwe walinzi. Nauli haikurudi. Tangu siku hiyo, tiketi yoyote inapotoka mashineni nami huichukua kalamu na kuandika pembeni, kwa maneno, “saa kumi na mbili asubuhi”, kisha humsomea mkata tiketi kwa sauti ili anisahihishe.

Kuhusu siti, kuna hesabu ndogo ya jua inayostahili kufanywa. Kutoka Msata hadi Segera basi linaelekea kaskazini, na asubuhi jua liko mashariki, yaani kulia kwako. Kwa hiyo kaa upande wa kushoto. Siku ya kurudi basi linaelekea kusini: ukirudi asubuhi, jua litakuwa kushoto, nawe ukae kulia, ukirudi alasiri, jua limehamia magharibi, nawe urudi kushoto. Katika basi lenye kiyoyozi kinachofanya kazi jambo hili ni dogo. Katika basi lenye kiyoyozi cha maneno, ndilo litakaloamua kama utafika Tanga ukiwa mtu au mkate. Siti ya juu ya gurudumu la nyuma iepuke, na ile ya nyuma kabisa pia, kwa sababu kila tuta la barabarani utalipokea wewe kwanza.

Beba begi moja linalobebeka begani. Utalitoa kwenye buti la basi, ulipandishe bajaji, ulivushe kwa pantoni na pengine uliweke ndani ya mashua yenye maji ya goti, na sanduku la magurudumu halijui kufanya lolote kati ya hayo. Ndani yake kuwe na kanga au kikoi, tochi, viatu vya mpira vya kukanyagia miamba, kofia, dawa zako, na chupa ya maji isiyozidi ya nusu lita. Nasema nusu lita kwa makusudi, kwa kuwa basi husimama kuchimba dawa pale dereva anapoamua, si pale unapohitaji, na kondakta anapotangaza dakika kumi huwa anamaanisha saba. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo beba kikapu chako cha ununuzi.

Siku ya kwanza: Bagamoyo

Toka Makumbusho kabla ya saa moja asubuhi, kabla foleni ya Tegeta na Bunju haijaamka. Ukifika mapema utaiwahi pwani ya samaki, mahali ambapo dalali hunadi samaki mmoja mmoja juu ya sakafu iliyolowa, kwa sauti inayopanda kama adhana na bei zinazotajwa kwa vidole kuliko kwa mdomo. Simama pembeni, usimzuie mchuuzi mwenye ndoo, na usinunue samaki mbichi: una siku nne mbele yako na huna friji.

Kisha uende Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji, kwa bajaji au bodaboda. Hapo pana magofu ya mji wa Waswahili wenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Chukua mwongozaji wa hapo, kwa sababu bila maelezo yake utaona kuta fupi tu. Alasiri ibakize kwa Misheni ya Katoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone ulifikishwa Februari 1874 baada ya kubebwa na akina Chuma na Susi kutoka sehemu ambayo leo ni Zambia, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Makumbusho ya misheni yanaeleza biashara ya utumwa na pembe za ndovu bila kupamba. Mji wenyewe, ulioanza kuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, hutembelewa vizuri jioni, kwa miguu, kupitia mtaa wa India wenye milango ya nakshi, hadi Boma la Kale la mwaka 1897.

Usiku, kama kuna onyesho katika TaSUBa, taasisi ya sanaa ya mji huo, liulizie. Kama halipo, lala mapema.

Siku ya pili: kuingia Tanga

Safari ya siku hii itakula saa tano au zaidi, na mabasi huishia stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya mji. Elewana na dereva wa bajaji bei kabla ya kupanda. Tanga ni mji wa baiskeli na wa barabara pana, na mtaa wa Ngamiani una barabara zinazoitwa kwa namba, jambo linalomfanya mgeni asipotee kirahisi. Wenyeji wana msemo wao, “Waja leo, waondoka leo”, na wanautamka kwa kicheko cha mtu aliyewaona wengi waliosema hivyo wakaishia kuoa hapo hapo.

Ukiwa na nguvu iliyobaki, tembelea Makumbusho ya Urithi yaliyo katika boma la zamani la Wajerumani, upate habari ya Novemba 1914, wakati jeshi la Waingereza la takribani watu 8,000 kutoka India liliposhindwa na askari kama 1,000 wa upande wa Wajerumani, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwashambulia wapiganaji bila kuuliza bendera. Jioni nenda Raskazone ukaogelee. Siku hii ni ya mwezi unaokaribia upevu, hivyo maji yatakuwa yamejaa alasiri, yanakufikia yenyewe.

Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kaskazini mwa mji katika barabara ya Horohoro, yanahitaji asubuhi ya siku ya tatu. Ni mapango ya chokaa yenye popo na vyumba virefu, na mwongozaji atakuonyesha kila umbo analolijua kwenye mawe. Mtu mwenye hofu ya mahali penye giza na finyu asijilazimishe. Abaki mjini anywe chai.

Tongoni, njiani kwenda Pangani

Mchana wa siku ya tatu panda gari la Pangani, safari ya kilomita kama 50, lakini usiende moja kwa moja. Mwambie kondakta akushushe Tongoni. Kama mko watatu au wanne, kukodi bajaji au gari dogo kutoka Tanga hadi Pangani, likiwasubiri Tongoni saa moja, hufaa zaidi kuliko kusimama kando ya barabara mkisubiri gari la pili ambalo pengine limejaa.

Tongo kwa lugha ya pwani ni mahali palipohamwa, na jina hilo linatosha kuwa utambulisho. Chini ya miti, karibu na mikoko, pana mabaki ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, wingi ambao ni nadra katika pwani yetu yote. Karibia mojawapo ya nguzo zilizoanguka, uiname. Katika jiwe utaona vishimo vya mviringo, vikubwa kama kiganja, vilivyopangwa kwa nafasi. Humo zilikuwa zimejengewa bakuli za kauri zilizoletwa kutoka ng'ambo ya bahari, uso wa bakuli ukitazama nje ili ung'ae juani. Bakuli zimekwisha kung'olewa, lakini ndani ya vishimo chokaa bado imeshika umbo la kitako cha bakuli, na ukipitisha kidole unaweza kuufuata ukingo wake. Katika kila safari hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Usipande juu ya kuta wala kuokota kigae, hata kidogo kiasi gani, kwa sababu vigae ndivyo vinavyowasaidia wataalamu kujua umri wa mahali.

Baada ya Tongoni barabara hupita Kigombe, katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za mijusi wakubwa, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao wamewahi kumkuta kwenye nyavu zao.

Pangani

Pangani ni mji mdogo, na huo ndio uzuri wake. Chukua fedha taslimu ya kutosha ukiwa bado Tanga, maana wauzaji wengi wa hapa hupokea noti au fedha kwa simu, na mashine ya kutolea fedha isiwe ndiyo tegemeo lako. Ukifika Ijumaa mchana, usishangae maduka kufungwa. Subiri watu watoke msikitini. Vaa kwa heshima mjini na uache nguo za kuogelea ufukweni.

Nahodha atafutwe jioni ya siku ya tatu, si asubuhi ya siku ya nne. Muulize mwenyeji wa gesti yako akutajie mtu, kisha uende umwone yeye na mashua yake kwa macho yako. Hesabu jaketi okozi, moja kwa kila abiria, na uzishike kuona kama mikanda ina vifungo. Uliza kama injini ni moja na kama kuna makasia au tanga la akiba. Ulizia bei ya chombo kizima, si ya mtu mmoja mmoja, na kama ada ya kuingia eneo tengefu imo ndani yake. Ada hiyo hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo na una haki ya kupewa stakabadhi. Mwisho muulize swali la mtego: “Kesho maji yanapwa saa ngapi?” Nahodha wa kweli atajibu bila kutazama simu. Yule niliyempata safari iliyopita, mzee wa makamo, alitazama juu kwanza, akautafuta mwezi, kisha akaniambia tuonane pantoni saa moja na nusu.

Maziwe ni eneo tengefu la bahari, na hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye mivinje na mahali mashuhuri pa kasa kutagia. Miti ikaisha, mawimbi yakaula udongo, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linalofunikwa kila maji yanapojaa. Utafika, utatembea, utaogelea kwenye matumbawe yaliyo kando, na mnamo saa sita utaona mchanga umeanza kupungua kutoka pembezoni, taratibu, mpaka mahali ulipotandika kanga pakalowa. Hakuna kivuli hata kidogo, kwa hiyo kofia na shati la mikono mirefu ni lazima. Usikanyage matumbawe, na usibishane na nahodha anapokuita kurudi.

Alasiri ya siku hiyo, vuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Mto Pangani unatoka huko Kilimanjaro na Meru, na hapa mwisho wake unaingia baharini ukiwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Kwa upande wa mjini utaona maghala na nyumba za zama za biashara ya watumwa na miwa, pamoja na mji ambamo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Ukiwa na siku ya ziada, bodaboda za Bweni zitakupeleka ufukwe wa Ushongo; ukiwa huna, kaa kwenye ukingo wa mto, agiza samaki wa kupaka na wali wa nazi, na uagize mapema, kwa sababu jiko la Pangani halipiki mpaka limekuona.

Mkiwa kikundi

Wafanyakazi wa ofisi moja, jamaa wa ukoo au wanakikoba wenzako wanaofika 20 na zaidi wanaweza kukodi kosta kwa siku zote tano, na hapo suala la Msata na la Tongoni linakwisha lenyewe. Andikeni mkataba. Utajwe namba ya usajili ya gari mtakalopewa, si “kosta nzuri”, kwa kuwa sisi tuliwahi kuonyeshwa gari moja siku ya malipo na kuletewa jingine alfajiri ya safari, lenye madirisha yasiyofunguka. Uelezwe nani analipa mafuta, chakula na malazi ya dereva, gari litazunguka mjini kwa kiasi gani, na malipo ya mwisho yafanyike mkirudi. Hakikisheni gari lina leseni ya LATRA inayoruhusu kukodishwa na bima ya abiria iliyo hai. Dereva alale kitandani, si kwenye siti, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa hata kama wimbo ni mzuri. Mmoja wenu ashike fedha zote na mwingine ashike orodha ya majina, wasiwe mtu mmoja.

Kama moyo wako uko kusini

Kilwa ni safari tofauti, na sishauri kuibana kwenye siku hizi hizi. Utavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, utashuka Nangurukuru na kuingia Kilwa Masoko, ambako unapata kwanza kibali katika ofisi ya mambo ya kale kabla ya kupanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Kanuni ya bamvua ni ile ile. Masika isikukute huko: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga na abiria wakalala njiani.

Siku ya kurudi

Toka Pangani mapema ili uwahi basi la kutoka Tanga kabla ya saa nne asubuhi, nalo litakuingiza Mbezi kukiwa bado na mwanga, na magari ya Kariakoo, Mbagala na Gongo la Mboto yakiwa tele, pamoja na mwendokasi. Tiketi hii uikate siku ya tatu, ulipokuwa Tanga, na uandike saa yake kwa maneno. Basi likisimama Muheza, wachuuzi watanyanyua machungwa hadi dirishani kwako, na yakiwa ya msimu hakuna sababu ya kujizuia. Toa fedha iliyo kamili, kwa maana basi huondoka kabla ya chenji. Yaweke chini ya siti ndani ya kikapu, usiyaweke kwenye keria juu ya vichwa vya watu. Tuta la Kabuku litayamwaga yote, nayo yatateremka hadi miguuni kwa dereva, na kondakta atakurudishia machache kuliko uliyonunua.